News tyres, bintu mingi, na wingi uliopotea

Emaili iliingia kabla ya chakula cha mchana, ofisi imechangamka, feni inazunguka bila kuleta upepo wowote wa maana, na jamaa wa meza ya pembeni akaisoma kwa sauti: "The news tyres are arrived but the others boxes are not goods."

Ofisi nzima ikacheka.

Aliyeandika ni mteja wetu wa Lubumbashi, mtu mzima, anauza vipuri, mzigo wake unashukia bandari ya Dar unapanda lori unapita Tunduma unakata Zambia mpaka Kasumbalesa, na hela yake ni sehemu ya mishahara yetu sisi tunaocheka. Kilichowamaliza watu ni ile "goods" ya mwisho, maana kwenye kazi ya kliaringi neno hilo tunaliandika kutwa nzima, description of goods, value of goods, sasa mtu anasema maboksi "are not goods", kama sio bidhaa ni nini basi, majini?

Mimi ndio nikapewa kazi ya kumjibu. Nikampigia kwanza kuhakikisha anamaanisha maboksi yameharibika, tukaelewana, tukapanga cha kufanya, halafu mwishoni akaniuliza kwa upole kabisa: "Patron, ile Anglais yangu ilikuwa mubaya?" Nikamwambia hapana bwana, imeeleweka, ila "new" haichukui s.

"Lakini matairi si mingi?"

Ni mengi, ndio.

"Sasa juu ya nini haichukui?"

Nikampa jibu lile lile nililopewa na walimu wangu wote, kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, kivumishi hakina wingi. Akashukuru, akakata simu. Yeye liliisha hapo. Mimi likanikaa kichwani wiki kadhaa, nikiwa foleni ya Mandela Road nalifikiria, usiku nalisoma kwenye simu, mpaka nikaona bora niandike nilale.

Kosa lenye akili

Kosa lake ukilifuata linaeleweka kabisa. Congo shule ni ya Kifaransa, na Kifaransa ukitaka matairi mapya unaandika "pneus neufs", s kwenye tairi na s kwenye upya. Mtu aliyekulia humo akikutana na "new tyres" mkono wenyewe unatafuta pa kuweka s ya pili. Na Kiswahili ndio usiseme: tairi jipya, matairi mapya. Kihispania nacho kinapatanisha, Kiarabu kina wingi wa kivumishi mpaka kichwa kinauma.

Kwa hiyo nikaanza na wazo kwamba Kiingereza ndicho kilema hapa. Wazo halikudumu, maana Kituruki, Kichina na Kijapani navyo havibebeshi kivumishi wingi na watu wanaishi vizuri tu. Halafu kuna lugha zimekaa katikati, hizi ndio zilinichekesha. Kihungaria ukisema matofaa mekundu ni "piros almák", kivumishi kimetulia, ila ukisema matofaa ni mekundu inakuwa "az almák pirosak", ghafla kimechukua wingi. Kijerumani kinafanya kinyume chake: "gute Männer", wanaume wema, wingi upo, lakini "die Männer sind gut", wingi umekimbia.

Ukiuliza mantiki hapo hupati. Kinachoweza kujibu ni historia, yani nani alikuwa na nini na kikapotelea wapi.

Kumbe walikuwa nao

Hiki ndicho kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia, na nadhani wengi wao hawakuambiwa pia. Kiingereza kilikuwa na wingi wa kivumishi. Tena sio wingi tu.

Rudi nyuma mpaka zama za mfalme Alfred, aliyekufa mwaka 899. Mfalme mwema ni "gōd cyning". Wafalme wema ni "gōde cyningas". Ukitaka kusema yule mfalme mwema, ambaye tunamjua, inabadilika tena, "se gōda cyning", na wale wafalme wema ni "þā gōdan cyningas". Na bado kuna ngeli tatu, ya kiume, ya kike na isiyo ya upande wowote, na bado neno linabadilika kulingana na kazi yake kwenye sentensi, mtendaji, mtendwa, mwenye mali, anayepewa. Kwa hiyo hilo "good" moja unalolijua wewe lilikuwa gōd, gōda, gōdan, gōde, gōdes, gōdne, gōdra, gōdre, gōdum, gōdena.

Yote hayo, leo "good".

Nilipoona orodha hiyo niliikodolea macho kwa muda, maana sisi tumezoea kuambiwa Kiswahili ni kigumu kwa sababu ya ngeli, wazungu wanalalamika jipya mpya vipya mapya, kumbe babu zao walikuwa na mzigo wao mzito tu na wameutua njiani.

s ilipona, e ikafa

Sasa swali langu likageuka. Sio kwa nini hakina wingi, bali kwa nini nomino ilibaki na wingi wake halafu kivumishi kikapoteza. Kama ni uvivu wa kusema si vyote vingekufa?

Jibu lake lina masikio kuliko akili. Kiingereza, kama ndugu zake wa Kijerumani, kilikuwa kinaweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya shina. Neno linaanza kwa nguvu na linaisha kwa pumzi. Zile a, o, u, e za mwishoni zikaanza kusikika zote kama kitu kimoja, e hafifu isiyo na mwenyewe. Mwisho wa -um ukawa -en, n ikaanguka, ikabaki -e. Gōda, gōdan, gōdum, gōde, zote zikakutana kwenye "gode". Halafu hiyo e yenyewe ikanyamaza.

Nomino nyingi za kiume wingi wake ulikuwa -as: cyningas, stānas. Irabu ikafifia kama wenzake, lakini s ni konsonanti, inang'ata, inasikika hata mtu akiongea huku anatafuna. Ikabaki, ikawa "kings", "stones", halafu ikasambaa kwa nomino ambazo zamani hazikuwa nayo.

Kivumishi hakikuwahi kuwa na s ya wingi. Wingi wake ulikuwa irabu, na irabu ndizo zilizokufa.

Ni hivyo tu! Hakuna mkutano uliokaa ukaamua vivumishi viwe rahisi. Kama bahati ingeangukia upande mwingine, wingi wa kivumishi ukawa na konsonanti ngumu mwishoni, leo sisi ndio tungekuwa tunapigwa mstari mwekundu shuleni kwa kuusahau.

Wadenmaki wanalaumiwa, sijui kama ni haki

Kuna maelezo mengine matamu zaidi na kwa utamu wake nikayatilia shaka. Mwaka 793 Wanorsi, yani mabaharia wa Skandinavia wakiwemo Wadenmaki, walivamia monasteri ya Lindisfarne, mwaka 865 likaja jeshi kubwa, wengi wakabaki wakalima na kuoa kaskazini na mashariki ya Uingereza, mpaka 1016 mfalme mwenyewe, Cnut, akawa Mdenmaki. Lugha yao na ya wenyeji zilikuwa ndugu, mashina yanafanana, miisho haifanani. Mwenyeji anasema "gōde", mgeni anasema "góðir" kwa wanaume na "góðar" kwa wanawake. Mnauziana ng'ombe, shina mnaelewana, mwisho unawachanganya, basi mnaacha mwisho.

Nikasema sawa, lakini irabu za mwisho zilishaanza kulegea zenyewe, na mkazo wa silabi ya kwanza Wajerumani wanao pia na vivumishi vyao bado vina miisho. Kwa hiyo sauti peke yake haitoshi, na Wadenmaki peke yao hawatoshi. Kilichonisogeza upande wa Wadenmaki ni ramani: kaskazini na mashariki, kule kule walikokaa, miisho ilikufa mapema, kusini ikachelewa. Hiyo ni ngumu kuiita bahati.

Chaucer, mtu wa London aliyefariki 1400, bado anaandika "smale foweles", ndege wadogo, na ile e ya "smale" ndiyo wingi wa kivumishi ukiwa bado unapumua. Na anaandika pia "places delitables", sehemu zinazopendeza, s ya wingi kwenye kivumishi, ameichukua Kifaransa moja kwa moja.

Yani kosa la mteja wetu lina miaka zaidi ya mia sita na liliandikwa na mshairi mkubwa. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu.

Caxton alipofungua mashine yake ya kuchapa Westminster mwaka 1476, e hiyo ilikuwa imeshakufa mdomoni. Kwenye karatasi iliendelea kuwekwa hovyo, pengine ipo pengine haipo, bila kazi. Ile "Olde" wanayoandika kwenye mabango ya baa ili ionekane ya kale ni e hiyo hiyo, zamani ilikuwa na kazi.

Kifaransa kinaandika kisichosema

Halafu nikajiuliza, mbona Kifaransa kimehifadhi? Nikamtumia mteja wetu meseji ya sauti, nikamwomba aniseme "pneu neuf" halafu "pneus neufs". Akacheka, akasema.

Zinasikika sawa.

s haipo mdomoni. Mfaransa wingi wa kivumishi anauandika, kuusikia anausikia pachache tu, mfano "petits enfants" ambapo s inafufuka kama z kwa sababu neno linalofuata linaanza na irabu, au "local" inayogeuka "locaux". Kwa sehemu kubwa wingi huo unalindwa na shule, daftari la imla, na Académie française, baraza lao la lugha, iliyopo tangu 1635. Kiingereza hakikuwa na mlinzi kipindi kile kinabomoka. Baada ya 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza, wakubwa walikuwa wanaongea Kifaransa na kuandika Kilatini, mpaka mwaka 1362 ndio sheria ikasema kesi zizungumzwe kwa Kiingereza mahakamani. Karibu miaka mia tatu lugha imeachwa kwa wakulima, nani atamchapa mtu viboko kwa kusahau -e?

Tajiri, matajiri

Hapa ndio nikageukia kwetu na nikakuta mambo.

Mzigo mzito, mizigo mizito. Safi. Sasa sema mzigo ghali. Mizigo...?

Ghali. Haibadiliki. Kontena safi, makontena safi. Swali rahisi, maswali rahisi. Mtu hodari, watu hodari, jambo muhimu, mambo muhimu, tayari, laini, imara, dhaifu, zote zimekaa kama "good" ya Mwingereza, moja au elfu haijali. Nyingi tumezitoa Kiarabu, na Kiarabu chenyewe kinapatanisha, sisi ndio tulizichukua bila nguo zake. Kitabu tulikilazimisha kikawa na vitabu, ila safi tukaiacha ilivyo. Na hakuna aliyewahi kusimama kwenye baraza akasema Kiswahili kina kasoro kwa sababu safi haina wingi.

Angalia na hii. "Watu tajiri", hakuna mabadiliko, ila tajiri akisimama mwenyewe kama nomino anapata wingi, "matajiri". Sasa fungua makaratasi yetu ya mizigo uone: perishables, valuables, consumables. Hivyo ni vivumishi vya Kiingereza vilivyopandishwa cheo kuwa nomino na siku hiyo hiyo vikapewa s. "Valuable goods", haina s. "Valuables", inayo. Na "goods" yenyewe ni "good" aliyepanda cheo.

Kwa hiyo alipoandika maboksi "are not goods" aligusa mahali pabichi kabisa pa lugha bila kujua, na sisi tuliocheka hatukujua pia.

Bei waliyolipa

Wingi hauondoki bure. Mimi yadini namwambia kuli "mapya weka huku, mabovu peleka kule", sijataja tairi hata mara moja na ameelewa, hiyo ma- imebeba kila kitu. Mwingereza wa leo hawezi kusema "put the news here". Inabidi aseme "the new ones". Hiyo "ones" ni gogo la kushikia, imekuja kushika pale ambapo miisho ilikatika, maana zamani "þā gōdan" ilijitosheleza yenyewe, wale wema, kwisha. Ukizunguka mlango wa nyuma unakuta wingi wameurudisha, wameuhamishia kwenye kineno kingine.

Imebaki "the poor" na "the rich", hao hawahitaji ones, ila ni watu kwa ujumla wao tu, huwezi kumnyooshea mmoja kidole.

Na kuna kipande kimoja cha mwisho wa zamani tunakiandika karibu kila siku. Kontena la futi 40 kwa Kiingereza ni "40-foot container". Kwa nini "foot" na sio "feet", wakati ni arobaini? Kwa sababu zamani baada ya idadi walisema "fōta", wingi wa umilikaji, futi arobaini kwa maana ya arobaini za futi, ile a ikafifia ikafa kama wenzake, ikabaki "foot" inayofanana na umoja. Ni wingi ambao mkia wake ulikatika. Hilo nimelipenda kuliko yote, sijui kwa nini, labda kwa sababu nimeshaliandika mara nyingi mno nikidhani ni kiherehere cha Waingereza.

Muzuri

Jamaa wa meza ya pembeni nilipomsimulia akasema tatizo la Waingereza waliweka wingi mwishoni, sisi tumeuweka mbele, vi-, ma-, mi-, mbele hakuozi.

Nilitaka kukubali. Lakini Kilingala nacho ni cha Kibantu, kilianza na viambishi vya mbele kama sisi, na leo "malamu" ni ile ile, moto malamu, bato malamu, mtu mwema watu wema, na Kinshasa vitu vyote visivyo na uhai vinagawana e- moja kwenye kitenzi. Ilikuwa lugha ya biashara ya mtoni, watu wa makabila tofauti wanakutana, mashina yanabaki. Nairobi utasikia "watu mingi", "vitu mingi". Lubumbashi "bintu mingi", "yote iko muzuri". Pale lugha inapobebwa na watu wengi walioikuta ukubwani upatanisho unaanza kulegea, uwe mbele uwe nyuma.

Na hiyo "muzuri" tunayoicheka. Kibantu cha kale kilikuwa mu-. Sisi wa pwani ndio tuliomeza u tukabaki na m ya kufunga midomo, mzuri. Na "ba" ya bantu nayo ni ya kale kuliko "wa" yetu. Mteja wangu upatanisho ameutupa lakini sauti anazo za zamani, sisi upatanisho tunao na sauti tumezimeza. Alipoongeza s kwenye Kiingereza tulimcheka, anapopunguza wingi kwenye Kiswahili tunamcheka, na mimi sasa hivi nimebaki sijui namrekebisha kwa msingi gani. Kwenye hati za mzigo nitamrekebisha, hati zina sheria zake na makosa yake ni hela. Kwenye simu nimeacha.

Nikamwambia jamaa, ubashiri wangu ni kwamba sisi tutaenda njia ya Kifaransa na sio ya Kiingereza. Kiswahili kina walinzi, kilisanifiwa tangu miaka ya 1930, kuna BAKITA, kuna mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo karatasini vi- na ma- zitakaa sana hata mdomoni zikilegea. Akakataa kabisa. Labda Nairobi, anasema, labda Congo, Dar hapa haitokei, hapa ndio chimbuko.

Haikupita nusu saa nikamsikia kwenye simu na dereva: "Gari zako zile mbili mbovu bado ziko yadi, njoo uzitoe."

Gari mbovu, gari zako mbovu. Magari mabovu yako wapi? Nikamuuliza. Akanitazama, akasema hiyo ni ngeli nyingine, nimuache afanye kazi.

Kweli ni ngeli nyingine, ile ya nyumba na nguo, ambayo kivumishi chake umoja na wingi ni kile kile.